Ngumi nzito huanzia nyongani: mwongozo wa ketelibeli na sanaa za mapigano kwa mtu wa Lamu

Simama gatini Lamu asubuhi, jahazi likiteremsha saruji, uwatazame mahamali wawili. Mfuko ni ule ule wa kilo 50. Mmoja anauinamia kwa kupinda mgongo, miguu imekakamaa, na kabla ya adhuhuri ameshaanza kujishika kiuno. Wa pili anasukuma makalio nyuma, mgongo umenyooka kama ubao, anainuka na mzigo kwa mapaja na pumzi inamtoka mara moja: hsss. Huyu wa pili pengine hajapata kuiona ketelibeli, lakini kazi yake anaijua. Mvishe glavu za ndondi, ngumi yake itakuwa nzito. Ngumi nzito haizaliwi begani. Huanzia kisiginoni, ikapita nyongani, mkono ukawa tarishi tu wa kuifikisha.

Kwa hiyo chuma na ngumi ni somo moja lenye milango miwili, na mwongozo huu unayafundisha pamoja. Ketelibeli ni donge la chuma lenye kishikio juu, mfano wa birika lisilo na mdomo. Warusi huita girya, na uzito wake waliupima kwa pudi. Pudi moja ni kilo 16.38. Ndiyo maana mpaka leo vyuma vingi vya dukani ni vya kilo 8, 16, 24 na 32: nusu pudi, pudi moja, moja na nusu, mbili. Kuanzia hapa tutaiita chuma tu.

Uzito upi, na utaupata wapi

Mwanamke anayeanza achukue kilo 8. Mwanamume achukue 12, au 16 ikiwa amezoea mizigo. Kipimo chepesi: ukiweza kukisukuma chuma juu ya kichwa kwa mkono mmoja mara tano bila kujipinda ubavu, huo ni uzito wako wa kuinukia na kusukuma juu. Kwa kubembeza, yaani kukirusha mbele na nyuma kwa nguvu za nyonga, utahimili mzito zaidi kidogo. Kosa la wanaume ni kununua kilo 24 kwa sababu jirani anayo. Kosa la pili halisemwi sana nalo ni baya vile vile: chuma chepesi mno. Kilo 4 unakiinua kwa mikono bila kujua, na nyonga haijifunzi kitu mwezi mzima.

Chuma cha dukani ni ghali, na kukivusha mpaka kisiwani ni gharama nyingine. Mtungi wa plastiki wa mafuta ya kupikia wa lita 5 unatosha kuanzia. Ukiujaza maji ni kilo 5. Ukiujaza mchanga mkavu ni kilo 8 hivi, kwa sababu lita moja ya mchanga mkavu ina uzito wa kama kilo 1.6. Ukiujaza zege inakaribia kilo 12. Mtungi wa lita 10 wenye mchanga unakupa 16. Lakini mtungi wa plastiki ni wa kuinua kutoka chini, kuchuchumaa na kutembea nao. Usiubembeze. Plastiki iliyopigwa jua hupasuka kwenye kishikio bila kutoa ishara, na mtungi ukiruka kichochoroni utampata mtu au punda.

Chuma cha kubembeza mwagize fundi wa kuchomelea. Paipu ya maji ya inchi moja ina unene wa nje unaozidi kidogo milimita 33, na vishikio vya vyuma vya mashindano huwa baina ya 33 na 35, kwa hiyo inakaa vizuri mkononi. Mwambie atumie paipu nyeusi. Ile ya mabati imepakwa zinki, na moshi wa zinki humletea fundi homa ya jioni. Kama hakuna nyingine, aikwangue kwanza kwa mashine. Nafasi ya ndani ya kishikio iwe na upana wa sentimita 12 hadi 15, na kati ya kishikio na donge pabaki sentimita 5 au 6 za kupitisha mkono. Weldi izunguke pande zote, kisha isuguliwe mpaka kidole kisikwame, maana kipele kimoja cha weldi huchana kiganja kama wembe. Kabla ya kukitumia, kiangushe mara ishirini juu ya mchanga kutoka usawa wa kiuno. Kitakachoachana kiachane hapo.

Hewa ya chumvi hula chuma. Baada ya mazoezi kifute kwa kitambaa chenye maji yasiyo na chumvi, kikaushe, na donge ulipake mafuta kidogo. Kishikio usikipake kitu. Kikianza kutu kipige msasa. Wapo wanaopaka unga mweupe viganjani jasho lisiteleze, na hilo ni jema ikiwa ni chaki ya wanamichezo. Chokaa ya kujengea isije karibu na mkono wako. Chokaa ikikutana na jasho huchoma ngozi, na utakosa chuma wiki mbili.

Mahali na saa

Mchanga mkavu wa Shela haufai kwa kubembeza: kisigino kinazama, goti linayumba, na nyonga haipati pa kusukumia. Mchanga mbichi ulioachwa na maji yakipwa ni imara na mguu mtupu unaupenda. Ila kumbuka maji huchelewa kama dakika 50 kila siku, kwa hiyo ratiba ya ufuoni huhama. Muulize mvuvi kabla ya kupanga wiki yako, hasa wakati wa bamvua, pwani inapopanuka sana na kufunikwa upesi.

Ndani ya nyumba, kiwanda, yaani ua wa ndani, chenye mita mbili na nusu kwa mbili na nusu kinatosha mtu mmoja, na kina stara kwa mwanamke asiyetaka kutazamwa. Juu ya dari ya nyumba ya kale, ile iliyolala juu ya boriti za mikoko, usiangushe chuma kabisa. Boriti imebeba mawe miaka mia na zaidi. Haikuomba na kilo 24 za kuanguka. Weka tairi kuukuu au gunia la mchanga chini, au shuka kiwandani.

Mavazi: dera hunasa kwenye kishikio, na kikoi hufunguka katika mbembeo wa nne au wa tano. Vaa suruali pana. Viatu vya soli laini viweke kando, simama peku.

Saa nzuri ni baada ya swala ya alfajiri mpaka saa mbili asubuhi, au baada ya alasiri jua likilegea. Katika kaskazi, Desemba mpaka Machi, joto na unyevu vikikutana jasho halikauki mwilini na mwili haupoi. Punguza seti kwa theluthi bila kuona haya. Jipime uzito kabla na baada: kila kilo moja iliyopungua ni lita moja ya maji inayokudai. Madafu ni mazuri, yana potasiamu nyingi, lakini sodiamu yake ni kidogo kuliko inayotoka kwa jasho, basi tia chumvi kidogo kwenye maji au kwenye chakula kinachofuata. Ukiona jasho limekata ghafla, kichwa kinagonga na maneno yanakuchanganyikia, simamisha, ingia kivulini, jimwagie maji, na mtu akupeleke hospitali.

Bawaba kwanza

Usiguse chuma mpaka uijue bawaba ya nyonga. Simama ukiupa ukuta mgongo, visigino umbali wa unyayo mmoja kutoka ukutani, miguu upana wa mabega. Weka makali ya viganja kwenye mkunjo wa juu ya mapaja. Sukuma mkunjo huo nyuma mpaka makalio yaguse ukuta. Magoti yalegee kidogo tu, yasiende mbele. Mgongo usipinde wala usijibinue. Kisha simama kwa kukaza makalio. Ukiweza mara kumi, sogea mbele nusu unyayo, rudia. Mahali utakapoona unaanguka nyuma, ndipo mwisho wa bawaba yako kwa leo.

Mtu wa pili akuwekee fimbo mgongoni iguse pointi tatu: kisogo, kati ya mabega, na juu ya makalio. Ukiinama pointi moja ikiachana na fimbo, umepinda. Fimbo hiyo inasema kweli kuliko kioo.

Baada ya hapo inua chuma kutoka chini. Kiwe katikati ya nyayo. Rudisha nyonga, shika, kaza makwapa kana kwamba umebana machungwa, vuta pumzi tumboni, sukuma ardhi kwa miguu. Seti tano za mara tano. Wiki mbili za hili zinatosha, na wanaoliruka ndio wanaorudi baadaye wakisema ketelibeli imewaumiza mgongo.

Kubembeza chuma

Hili ndilo zoezi lenyewe. Mengine yote tunaweza kuyapunguza, hili hatulipunguzi.

Weka chuma hatua ndogo mbele yako, kama sentimita 30. Rudisha nyonga, kishike kwa mikono miwili, kiinamishe kishikio kuelekea kwako. Kivute nyuma kwa nguvu kati ya mapaja, juu ya magoti, mpaka mikono, kati ya kiwiko na kifundo, iguse mapaja kwa ndani. Hapo nyonga imejaa kama upinde. Simama kwa kishindo: makalio yakaze, magoti yanyooke, tumbo liwe gumu kama mtu anataka kukupiga. Chuma kitapaa chenyewe mpaka usawa wa kifua. Mikono ni kamba tu. Kikifika juu kinakuwa chepesi kwa nukta moja. Kiache kishuke, na usirudishe nyonga mpaka mikono iguse mbavu. Kumi zinachukua kama sekunde 15 hadi 20.

Mambo yanayoharibika, na sababu zake:

Chuma kikienda chini ya magoti, kinavuta mgongo wa chini. Sababu ni kuchuchumaa badala ya kukunja bawaba, au kurudisha nyonga mapema.

Mabega yakichoka kabla ya makalio, unainua kwa mikono. Tumia chuma kizito zaidi kidogo, si chepesi. Wengi hawaamini hili mpaka wajaribu.

Kiuno kikiuma juu ya makalio unapomaliza, unajibinua nyuma kileleni. Mwisho wa mbembeo ni kusimama wima kama mlingoti. Jahazi likiinama nyuma tanga limekosewa.

Shingo ikiuma, unatazama juu ukiwa umeinama. Tazama chini, mita mbili au tatu mbele yako.

Malengelenge yakitoka katikati ya kiganja, umeshika kwa kiganja chote. Kishikio kikae kwenye mizizi ya vidole, kimeshikwa kama ndoano. Sugu zikiota, zikwangue kwa jiwe la kusugulia nyayo zikiwa mbichi baada ya kuoga. Sugu iliyoinuka ndiyo inayochanika.

Pumzi

Vuta kwa pua chuma kikirudi nyuma, toa kwa meno kileleni, fupi na kali. Usitoe yote, theluthi moja tu, tumbo libaki gumu. Mpiga ngumi hufanya hivyo hivyo pigo linapofika, na mwanakarate hulitia sauti akaliita kiai. Kelele si za kumtisha mtu. Hukaza tumbo ili nguvu ya mguu isivujie kiunoni. Mwenye presha ya damu asizuie pumzi kabisa wakati wa kunyanyua, maana presha hupanda ghafla, na kabla ya kuanza apimwe.

Baina ya seti, pumua kwa kuhesabu: vuta nne, toa sita mpaka nane. Pumzi ya kutoka ikiwa ndefu kuliko ya kuingia, moyo hupunguza mwendo. Anza seti nyingine ukiweza kusema sentensi nzima bila kukatika. Hiyo saa haihitaji betri.

Kuinuka na chuma

Zoezi hili ni polepole kama kuteremsha kapu la mayai. Mara ya kwanza usilifanye na chuma. Weka ndara juu ya ngumi iliyofumbwa. Ndara ikianguka, bega limeyumba. Maelezo ni ya mkono wa kulia:

1. Lala ubavu wa kulia, kumbatia chuma kwa mikono miwili, geuka chali, kisukume juu. Goti la kulia limekunjwa, unyayo chini. Mguu na mkono wa kushoto vimetandazwa kwa pembe ya nyuzi 45.
2. Sukuma unyayo wa kulia, inuka juu ya kiwiko cha kushoto. Macho kwenye chuma.
3. Kutoka kiwiko nenda kiganja. Kifua kimefunguka, bega la kushoto limekaa mbali na sikio.
4. Inua nyonga hewani.
5. Pitisha mguu wa kushoto chini yako, goti litue karibu na kiganja. Hapa ndipo wengi huanguka, kwa sababu hawakuinua nyonga vya kutosha na mguu haukupata njia.
6. Nyoosha kiwiliwili, uwe umepiga goti moja. Sasa macho yatazame mbele.
7. Simama. Kisha rudi njia ile ile mpaka chali, bila kuruka kituo.

Mara moja ni sekunde 30 hadi 40. Kifundo cha mkono kisilale nyuma. Kikunjike kidogo tu, kishikio kikipita kwa mshazari kiganjani. Anayecheza judo ataitambua kazi hii mara moja, maana ni kunyanyuka kutoka chini ukiwa umebanwa. Asiyecheza kitu ataitambua akifika miaka sitini.

Kutoka chuma hadi ngumi

Simama mguu wa kushoto mbele, wa kulia nyuma, upana wa mabega, kisigino cha nyuma kimeinuka kidogo. Mikono mashavuni. Ngumi ya kulia inatoka hivi: kisigino cha nyuma kinageuka nje, nyonga inazunguka, bega linafuata, mkono unanyooka mwisho, ngumi inageuka kiganja chini ikitua kwa vifundo viwili vya kwanza. Kifundo cha mkono kimenyooka sawa na mfupa unaotoka kwenye kiwiko. Kisha mkono unarudi shavuni kwa njia ile ile iliyoendea. Nusu ya wanaoanza husahau kurudi, na huko ndiko kupigwa.

Kishindo cha makalio ulichokijua kwenye mbembeo ndicho hicho hicho, ila sasa kinazunguka badala ya kwenda mbele. Jaribu: mbembeo kumi, weka chuma chini, papo hapo ngumi ishirini hewani. Utaona nyonga bado inakumbuka.

Funga mikono bendeji ya ndondi ya mita nne na nusu kabla ya kupiga gunia. Gunia lenyewe lijaze nguo kuukuu na vipande vya godoro, si mchanga. Mchanga hushuka chini ukawa jiwe, na jiwe huvunja vifundo. Uzito wake uwe kama nusu ya uzito wako.

Kuanguka nako ni fani, na hapa Lamu tuna bahati: mchanga laini usiofaa kwa mbembeo ndio hasa wa kujifunzia kuanguka. Chuchumaa, kidevu kifuani, viringika nyuma na upige mchanga kwa mikono yote miwili iliyo mbali kidogo na mwili, viganja chini. Kidevu kikiachana na kifua, kisogo hugonga. Rudia mara kumi kila mazoezi mpaka mwili uanguke bila kukuuliza.

Kwa vifundo vya mikono kuna kifaa cha Okinawa kiitwacho chi-ishi, kinachotumiwa na wanakarate wa Goju-ryu: jiwe lililotiwa mpini mmoja. Kinatengenezeka nyumbani. Chukua kopo la rangi la lita moja, mpini wa sentimita 40, pigilia misumari minne mtawanyiko kwenye ncha itakayozama, simamisha katikati, mimina zege. Ukilijaza kopo utapata kilo 2 na kidogo. Lifunike gunia bichi siku saba lisipasuke. Kishike mwisho wa mpini, kiinue kiwe wima, kishushe nyuma ya bega, kirudishe mbele. Mara nane kila mkono. Usikirushe.

Wala usidhani fani za mapigano ni za kuagizwa ng'ambo tu. Kirumbizi, mchezo wa fimbo unaochezwa hapa kwenye shangwe za Maulidi, una masomo mawili ambayo mwalimu wa karate huyatolea jasho: kupima umbali kwa macho, na kusogea kwa mdundo. Anayejua kucheza kirumbizi hujifunza hatua za ndondi upesi.

Wiki nane

Siku tatu, kwa mfano Jumamosi, Jumatatu na Jumatano, Ijumaa ipumzike. Kila siku, fani kwanza na chuma baadaye. Vidole vilivyochoka kwa chuma havifumbi ngumi sawasawa, na kifundo huumia.

Wiki ya 1 na ya 2: kuruka kamba dakika moja mara tano, ngumi hewani raundi tatu za dakika mbili, bawaba ukutani, kuinua chuma kutoka chini 5 mara 5, kuinuka na ndara mara tatu kila upande.

Wiki ya 3 na ya 4: kuanguka mara kumi, gunia raundi tatu za dakika mbili, kubembeza kumi kwa seti tano, pumziko dakika moja, kuchuchumaa umekumbatia chuma kifuani, viwiko ndani ya magoti, mara tano kwa seti tatu, kuinuka na chuma chepesi mara mbili kila upande.

Wiki ya 5 hadi ya 8: gunia raundi nne za dakika tatu, pumziko dakika moja, mbembeo kumi mwanzoni mwa kila dakika kwa dakika kumi, jumla mia, kuinuka mara tano kila upande kwa kupokezana.

Uzito usiupandishe mpaka seti ya mwisho ifanane na ya kwanza. Mtu akurekodi kwa simu kutoka ubavuni, utaona mwenyewe.

Kwa nini usifanye chuma pekee? Utafiti wa Denmark uliochapishwa 2011 uliwagawa watu wazima 40 wa kazi zinazochosha shingo na mgongo, kundi moja likafanya ketelibeli mara tatu kwa wiki kwa wiki nane. Maumivu ya shingo, mabega na kiuno yalipungua. Uwezo wa mapafu na moyo, lakini, haukupanda kwa kiasi cha kuhesabika. Raundi za gunia na kamba ndizo zinazoziba pengo hilo. Ukijumlisha, ratiba hii inakukaribisha kwenye kiwango cha Shirika la Afya Duniani la 2020: dakika 75 hadi 150 za mazoezi makali kwa wiki, na misuli siku mbili au zaidi.

Akilini kunatokea nini

Chuma hakikubali mawazo mawili. Ukifikiria deni la dukani katikati ya kuinuka, mkono unayumba papo hapo. Kwa dakika ishirini akili inalazimika kukaa mahali pamoja, na kwa mtu mwenye wasiwasi hiyo ni likizo. Usingizi huwa mzito zaidi, na dalili za huzuni na wasiwasi hupungua kwa wanaofanya mazoezi kwa utaratibu. Aliyezidiwa kabisa, asiyekula, anayewaza kujidhuru, aende hospitali, chuma kitamsubiri.

Kuhusu hasira, pana uongo unaopendwa: nenda kapige gunia, itaisha. Ukipiga huku unamwona aliyekuudhi, hasira huzidi. Kinachopoza katika sanaa za mapigano ni adabu: kuinama kabla na baada, kusimama mwalimu akisema basi, kupigwa kidogo na mwenzako na kumshukuru. Mtoto aliyezoea kupigwa kwa kipimo na mwenzake mazoezini haogopi tena kila anayeinua sauti, na asiyeogopa hana haja ya kuanza ugomvi. Kwa hiyo ukienda kwenye gunia na kisirani, jipe kazi ya kuhesabu: mkono wa kushoto mara mbili, wa kulia moja, hatua nyuma. Hesabu ikipotea, anza upya.

Usifanye, au fanya kwa kiasi

Mwenye ngiri, aliyepasuliwa karibuni, mwenye maumivu ya mgongo yanayoshuka mguuni, mjamzito, na anayeumwa kifua akipanda ngazi: daktari kwanza. Mwenye kisukari anayetumia dawa awe na tende au soda karibu. Miraa na muguka hupandisha mapigo ya moyo na presha, kwa hiyo siku ya kutafuna si siku ya chuma. Ukigongwa kichwa ukaona giza, ukatapika au ukasahau raundi, umemaliza kwa siku hiyo. Usirudi ulingoni mpaka daktari aseme, hata kama kesho yake unajiona mzima.

Ramadhani usiache, punguza. Fani nyepesi nusu saa kabla ya futari, chuma baada ya tarawehe ukiwa umeshakunywa maji, na seti ziwe nusu. Ngumi za gunia zipumzike mchana kutwa. Idi ikipita, usirudi ulipoachia: chukua uzito mdogo kwa hatua moja, wiki ya kwanza mbembeo hamsini, ya pili sabini na tano, ya tatu mia.